Seremala wa Mtoni na Ufundi wa Kuunda Gitaa

Atokaye katikati ya mji wa Dar es Salaam akafuata barabara ya Kilwa hufika Mtoni kabla hajafika Mbagala. Jina laeleza mahali penyewe: mto Kizinga wapita karibu, ukaenda kumwaga maji yake katika mkono wa bahari unaoingia nyuma ya bandari, penye mikoko na tope. Wakazi wa Mtoni ni watu wa asili nyingi na kazi nyingi. Lakini mpita njia mwenye masikio hatakosa kusikia sauti mbili. Ya kwanza ni sauti ya randa na msumeno, kwa kuwa Temeke ni wilaya ya maseremala, na Keko iliyo jirani yajulikana mji mzima kwa vitanda, makabati na viti vyake. Ya pili ni sauti ya muziki. Sauti hizi mbili zimekaa pamoja miaka mingi kama nyumba mbili zitazamanazo, lakini wenye nyumba hizo hawatembeleani. Aundaye kabati haundi gitaa, na apigaye gitaa hununua chombo kilichotoka ng'ambo. Insha hii yauliza ni kwa sababu gani mambo yakawa hivyo, na seremala anayeanza afanye nini akitaka kuyageuza.

Nilianza kulifikiri jambo hili kwa ajili ya msiba mdogo. Gitaa langu lilipata ufa usoni, toka darajani mpaka ukingoni. Nililipeleka kwa seremala jirani, mtu mwangalifu ambaye vitanda vyake havilii usiku. Aliligeuza huku na huku, akapenyeza ndani kipande cha ubao cha nusu inchi, akakikaza nyuma ya ufa kwa gundi na misumari minne, kisha akalipaka vanishi mara tatu. Aliponirudishia alisema, "Mwalimu, hili halipasuki tena mpaka uzeeke." Alisema kweli. Halikupasuka tena, wala halikulia tena. Lilitoa mlio mfupi, mfano wa mlango unaobishwa na mtu mwenye haya.

Nilikaa na hasira siku kadhaa, halafu nikaona hasira yangu haina haki. Fundi yule alifanya kama alivyofunzwa. Kitanda husifiwa kwa kutotikisika, na kila analolijua seremala wa vyombo vya nyumbani, yaani unene wa ubao, msumari, pembe na gundi, ni elimu ya kuzuia mtikisiko. Gitaa husifiwa kwa kinyume chake. Nyuzi huutikisa uso, uso huitikisa hewa iliyo tumboni, na hewa hiyo hutoka tunduni ikawa sauti. Kuzuia mtikisiko wa gitaa ni kuliziba kinywa. Lakini likiachwa liwe jepesi kupita kiasi, nyuzi zitalivunja. Basi ufundi wa gitaa ni kukata ubao mpaka karibu na kuvunjika, kisha kusimama hapo. Seremala ana mikono ya kazi hiyo, na ana vyombo vyake; alichopungukiwa ni kuambiwa kuwa mpaka huo upo. Hilo ndilo dai la insha hii, na nitaanza kulithibitisha kwa historia.

Si kweli kwamba kuunda ala za nyuzi ni jambo geni kwa watu wa pwani. Zeze, lenye kibuyu chake na fimbo yake, liliundwa na mikono ya wenyeji tangu zamani. Gambusi, ambalo wengine waliliita kibangala, lilikuja na watu wa Yemeni, likakaa Lamu na Unguja kama mwenyeji. Fundi alilichonga toka gogo moja: tumbo, shingo na kichwa vyote mti mmoja. Kisha alilifukua ndani mpaka likawa jepesi, akawamba ngozi juu ya tumbo. Bara nako Wagogo waliendelea kuunda mazeze na marimba yao, na Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alivifikisha vyombo hivyo mbele ya watu wa mabara mengine. Kadhalika waundaji wa majahazi walijua kukunja mbao na kuzishika kwa mataruma, ili chombo kiwe chepesi majini na bado kistahimili mawimbi. Mwenye kujua kazi ya taruma katika jahazi amekwisha jua nusu ya siri ya gitaa, kama nitakavyoeleza.

Ufundi huo ulirudi nyuma kwa kuwa ala za kununua zilikuja mbele. Katika Unguja, Sultani Barghash, aliyetawala toka mwaka 1870 hadi 1888, alipenda muziki wa Misri na kuuleta katika jumba lake. Chama cha Ikhwani Safaa kilipoanzishwa mwaka 1905, udi na kanuni zilikuwa ndizo ala za heshima. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kutiwa sauti katika sahani za santuri, udi na fidla zilikuwa pamoja naye. Gambusi la gogo moja likanyamaza polepole. Silaumu, taarabu ni mali kubwa kwetu. Nasema tu kuwa tokea hapo tulizoea kuwa chombo cha muziki chenye heshima hushuka melini.

Gitaa lilipokuja lilikuta mazoea hayo tayari. Katika Dar es Salaam bendi ya Dar es Salaam Jazz ilianzishwa mwaka 1932. Huko Morogoro, Salum Abdallah alianzisha mwaka 1948 bendi iliyokuja kuitwa Cuban Marimba, akaiongoza hadi kifo chake mwaka 1965. Na katika mji huo huo Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979, alilifanya gitaa liseme kama mtu. Kenya ilikuwa na Fundi Konde wa pwani, aliyetumika katika kikosi cha burudani cha majeshi ya Afrika Mashariki wakati wa Vita Kuu ya Pili. Jean-Bosco Mwenda wa Katanga alitiwa sauti na Hugh Tracey mwaka 1952 katika mji wa Jadotville, ambao sasa huitwa Likasi. Aliimba Kiswahili cha kwao na kupiga gitaa moja kavu, lakini msikilizaji hudhani wapigaji ni wawili. Wote hawa walikuwa mabwana wa gitaa, na magitaa waliyopiga hayakuundwa katika vibanda vya maseremala wa mitaani kwetu.

Jambo hilo halikuwa dogo, kwa maana katika muziki wa dansi mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Baada ya uhuru bendi nyingi zilikuwa mali ya vyama, majeshi na mashirika. Nuta Jazz, kwa mfano, ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mashirika hayo yaliwapa wanamuziki mshahara na heshima, na hapana budi tuyashukuru. Lakini gitaa lilikuwa la shirika. Mpigaji alipoondoka, aliacha gitaa ukutani akatoka na vidole vyake tu. Vijana wasio na shirika walijiundia magitaa ya makopo na madebe, wakawamba waya za breki za baiskeli au mishipi ya kuvulia samaki. Wengi wa wapigaji wetu walianza hivyo. Tumezoea kuyataja magitaa hayo kwa kicheko, nasi tungepaswa kuyataja kwa adabu, kwa sababu hapo, katika mikono ya watoto, ufundi wa kuunda ulibaki hai.

Gitaa kavu lina jina jingine kwetu: galatoni. Jina hilo latokana na Gallotone, alama ya kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, iliyouza sahani na magitaa ya bei nafuu. Magitaa hayo yalifika mbali. Lile alilopiga John Lennon akiwa kijana huko Liverpool mwaka 1957, siku alipokutana na Paul McCartney, lilikuwa galatoni, na ndani yake mlikuwa na kibandiko kilichotoa ahadi kwamba halitapasuka. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka jirani yangu na misumari yake minne. Kumbe ahadi yake ilikuwa ahadi ya kiwandani! Muuzaji na seremala wote wawili walijua hofu ya mnunuzi. Naye mnunuzi hakuuliza litalia namna gani, aliuliza kama litadumu.

Sasa yafaa kuuliza: huko gitaa lilikotoka, liliundwa na watu wa namna gani? Msomaji aweza kudhani kuwa walikuwa watu wa ukoo maalumu, waliozaliwa na siri. Sivyo. Antonio de Torres, Mhispania aliyezaliwa karibu na Almería mwaka 1817 na kufariki mwaka 1892, ndiye aliyelipa gitaa la Kihispania umbo na ukubwa unaofuatwa mpaka leo. Naye alianza maisha yake kama mwanafunzi wa useremala. Yeye aliamini kuwa sauti ya gitaa hutoka usoni, na kwamba mgongo na mbavu ni wasaidizi. Ili kulithibitisha neno lake, mwaka 1862 aliunda gitaa lenye uso wa ubao mzuri, lakini mgongo na mbavu zake zilikuwa za karatasi ngumu. Gitaa hilo lipo hata leo katika jumba la makumbusho la muziki la Barcelona. Mwanafunzi wa Mtoni aliyevunjika moyo kwa kukosa mbao za bei kubwa na alikumbuke.

Mfano wa pili ni wa Christian Friedrich Martin, aliyezaliwa mwaka 1796 katika mji wa Markneukirchen, nchi ya Ujerumani. Jamaa zake walikuwa katika chama cha maseremala wa vyombo vya nyumbani. Katika mji huo waundaji wa fidla walikuwa na chama chao, na mwaka 1826 walipeleka mashtaka wakitaka maseremala wakatazwe kuunda magitaa. Hoja yao ilikuwa kwamba muunda fidla ni msanii, na seremala kazi yake ni vyombo vya nyumbani. Maseremala walijitetea, na waundaji wa fidla hawakufaulu, lakini ugomvi uliendelea. Mwaka 1833 Martin alihamia New York, baadaye akaenda Nazareth katika jimbo la Pennsylvania, na kampuni aliyoianzisha ni miongoni mwa wakubwa wa gitaa duniani hata sasa. Basi neno la kwamba seremala akae na viti vyake si geni. Lilisemwa zamani huko Ulaya, nalo lilishindwa mbele ya wazee wa mji. Na ikiwa mtu atasema kwamba hayo ni ya Ulaya, na atazame Kinshasa, ambako Misoko Nzalayala, ajulikanaye kwa jina la Socklo, ameunda magitaa kwa mbao za nchi yake na kwa vifaa apatavyo mjini.

Yabaki habari ya mbao, na hapa barabara ya Kilwa ina neno la kutuambia. Barabara hiyo hutoka Mtwara na Lindi, nchi za mpingo. Tangu daraja la Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003, malori hayangoji tena kivuko. Mpingo ni mti mzito kuliko maji; gogo lake huzama. Hukua polepole, ukahitaji miaka 70 hadi 100 kufaa kuvunwa. Tanzania na Msumbiji ndizo nchi zinazoupeleka kwa wingi katika viwanda vya zumari za Ulaya, na waundaji wa magitaa huutaka kwa ajili ya ubao wa vidole na mgongo. Wataalamu wa miti huuweka katika jamii moja na miti ya Brazili na ya Bara Hindi iliyolijengea gitaa sifa yake. Maana yake ni kwamba mti ambao waundaji wa dunia huutafuta kwa fedha nyingi ni ndugu wa mti unaopita mbele ya kibanda cha seremala wa Mtoni, juu ya lori, ukielekea bandarini.

Mti huo una sheria zake. Mwaka 2017 jamii yote ya mpingo iliwekwa chini ya mkataba wa mataifa unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na kila kipande kilichovuka mpaka kikahitaji hati. Mwaka 2019 mataifa yalikubali kuzitoa katika sharti hilo ala za muziki zilizokwisha kamilika. Nawaomba wasomaji wapime maana ya uamuzi huo. Gogo lataka hati, ala iliyokamilika haitaki. Sheria iliyokusudiwa kulinda msitu yampendelea muunda ala kuliko muuza gogo. Tena katika wilaya ya Kilwa vijiji vilivyosimamia misitu yao vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha uvunaji mwema, na kwa hiyo mpingo wa halali wenye kujulikana msitu wake wapatikana nchini. Muunda gitaa naye hahitaji mwingi. Gogo moja dogo latosha daraja na mbao za vidole za magitaa kadhaa.

Nimekwisha kueleza kwa nini seremala aweza. Sasa nieleze aanzeje. Kwanza, asianze kwa mpingo. Mti huo hula makali ya msumeno na kumvunja moyo mwanafunzi. Mgongo na mbavu aviunde kwa mninga, mtiki au mkangazi, miti ambayo mkono wake unaijua. Shingo inafaa iwe ya mkangazi, kwa kuwa ni mwepesi na hutulia. Uso kwa desturi huundwa kwa miti ya baridi ya jamii ya misonobari. Misonobari ya mashamba yetu, kama yale ya Sao Hill, hukua upesi, na nyuzi za mbao zake hukaa mbalimbali. Lakini mchaguzi mwenye subira hupata vipande vilivyonyooka visivyo na vifundo. Akivikosa, asikate tamaa. Wamarekani wameunda magitaa mengi ambayo hata uso wake ni wa mti ulio jamaa ya mkangazi wetu, na sauti yake ni ya upole inayopendwa na wengi.

Uchaguzi wenyewe hautazami rangi. Ubao wa uso upasuliwe namna ambayo mistari ya umri wa mti, ikitazamwa kwenye kichwa cha ubao, husimama wima. Ubao uliopasuliwa hivyo hauvimbi sana wala haujipindi. Kisha ushikwe kwa vidole viwili karibu na ukingo na kugongwa katikati. Ukijibu kwa mlio mrefu, ni mzuri. Ukijibu kama udongo, ni wa rafu ya jikoni. Huu ndio mtihani wa kwanza ambao seremala wa vitanda hajapata kupewa: kusikiliza ubao.

Pili ni ukavu. Hewa ya Dar es Salaam ina unyevu mwingi, na ubao uliokaa humo miezi mingi hubaki na maji kiasi cha sehemu 13 hadi 15 katika 100, hali viwanda vya nchi za baridi hukausha hadi sehemu 6 au 8. Gitaa lililoundwa Mtoni wakati wa masika likipelekwa Dodoma hukauka, uso ukasinyaa, ukapasuka. Na lile lililotoka nchi kavu likifika pwani huvimba tumbo. Kwa hiyo mwanafunzi aweke mbao zake darini chini ya bati, zikiwa na vijiti kati yake, kwa muda wa miezi, wala asigundishe uso siku za mvua. Nadhani ufa wa gitaa langu ulitokana na safari zangu za bara.

Tatu ni unene, na hapa ndipo penye mpaka niliousema. Inchi moja ni milimita 25. Uso wa gitaa ni milimita 2 na nusu tu, yaani sehemu moja ya kumi ya ubao wa inchi moja. Mbavu ni milimita 2. Randa isiyonolewa vizuri haiwezi kazi hiyo, hurarua. Kwa hiyo somo la kwanza la mwanafunzi ni kunoa. Akate ubao, aupime, augonge, akate tena. Ubao unene unapopungua, mlio wake hushuka na kulegea, na fundi husimama kabla haujafa.

Uso mwembamba hivyo hauwezi peke yake kushindana na nyuzi. Nyuzi sita za nailoni huvuta kwa nguvu kama ya kilo 40, na za chuma kilo 70 na zaidi, yaani kupita mfuko mmoja wa saruji. Kwa sababu hiyo chini ya uso hugundishwa vijiti vyembamba, navyo ndivyo mataruma ya gitaa. Torres aliyatandaza saba kama kipepeo cha mkono. Katika magitaa ya nyuzi za chuma hukutana kwa umbo la msalaba ulioinama. Kijiti husimama wima, kwa maana ubao mwembamba uliosimama una nguvu kuliko mnene uliolala, kama maseremala wa mapaa wajuavyo. Hapa ndipo jirani yangu alipokosea. Ufa ulihitaji vijiti viwili vitatu vyepesi, naye alilaza ubao.

Mbavu hukunjwa kwa maji na moto. Bomba la chuma hutiwa makaa ndani, ubao ulioloweshwa hukandamizwa juu yake polepole, mpaka usikie kwa mikono kwamba umelegea. Samaki mkunje angali mbichi. Mwanafunzi atavunja mbavu mbili au tatu kabla ya kupata moja, na hiyo ndiyo ada ya shule. Ubavu ukikunjika hufungwa katika kalibu ya mbao mpaka upoe, usije ukarudi kama ulivyokuwa.

Nne ni hesabu ya vijiti vya chuma vinavyokatiza ubao wa vidole. Jicho halitoshi hapa. Mwanamuziki wa Italia Vincenzo Galilei, baba yake Galileo mwanafalaki, alieleza mwaka 1581 kanuni ya kugawa urefu wa uzi kwa 18 ili kupata mahali pa kijiti cha kwanza, kisha kugawa kilichobaki kwa 18, na kuendelea hivyo. Kanuni hiyo ni nzuri lakini ina upungufu. Uzi wa milimita 650 yapasa ukatwe nusu kamili katika kijiti cha 12, yaani milimita 325. Kwa kanuni ya 18 kijiti hicho huangukia milimita 322 na kitu, na sikio huona kosa. Siku hizi hugawa kwa 17.817. Kijiti cha kwanza hukaa milimita 36.5 toka ncha ya shingo, cha pili milimita 34.4 mbele yake, na cha 12 hukaa nusu barabara. Mwanafunzi aliyesoma hesabu za shule ya msingi aweza kuifanya kazi hii usiku mmoja kwa kalamu, naye akiikosea, hapana vanishi itakayomwokoa.

Mwisho wa mashauri haya ni utaratibu. Aanzaye asiunde gitaa kwanza. Aanze kwa kutengeneza yaliyovunjika, kwa kuwa gitaa lililofunguka ni kitabu kilichofunguka. Kisha aunde kisanduku cha uzi mmoja au zeze, ajifunze ubao mwembamba unavyojibu. Kisha aunde gitaa la nyuzi za nailoni, ambazo huvuta kidogo na kusamehe makosa. La nyuzi za chuma lije baadaye. Gharama ya mbao si kubwa kwa mtu aliyezungukwa na masalio ya makabati. Mabaki ambayo Keko huyachoma jikoni yana upana wa kutosha mbavu. Vifaa vitakavyomlazimu kununua ni nyuzi, mashine za kukazia nyuzi na waya wa vijiti.

Huenda msomaji akasema kwamba gitaa la kiwandani ni rahisi, na seremala wa Mtoni hawezi kushindana nalo kwa bei. Neno hilo ni la kweli, wala silikatai. Lakini gitaa la kiwandani likipasuka, kiwanda kiko mbali, na fundi aliye karibu ana misumari. Nchi yenye wapigaji wengi hivi na isiyo na wa kutengeneza ni kama bandari yenye majahazi isiyo na makalafati. Faida ya kwanza ya mafundi wa gitaa itakuwa hiyo: magitaa yaliyopo yatadumu, na mpigaji asiye na shirika wala fedha atakuwa na chombo chake mwenyewe, atakachoondoka nacho.

Nilimrudia jirani yangu nikiwa na hesabu zangu na picha za mataruma. Niliogopa ataona nimekuja kumfundisha kazi yake. Alisikiliza mpaka mwisho, akaangalia picha, akasema, "Mbona hizi ni mbavu za dau." Tuling'oa misumari minne, tukautoa ule ubao kwa patasi na maji ya moto, tukaweka vijiti vitatu vya msonobari, kila kimoja chembamba kama penseli. Akagonga uso kwa kidole, akatega sikio, akapunguza kijiti kimoja kwa patasi, akagonga tena. Gitaa halikurudi kuwa kama lilivyotoka dukani. Tundu za misumari zipo na sauti imepwaya kidogo upande wa nyuzi nyembamba. Lakini lalia. Juma lililofuata nilimkuta kibandani amesimama mbele ya rundo la mbao za kabati, anazigonga moja moja, na mbili amekwisha ziweka kando. Wazee walisema mwanzo wa ngoma ni lele. Nilimwacha aendelee kusikiliza.